Mbavu za Kupalia

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, na malipo ya mnada wa kwanza yakaingia kwenye akaunti za wakulima, Masasi hubadilika harufu. Mchana ni vumbi la malori yanayopeleka magunia ghalani. Jioni ni moshi wa kitimoto. Mtu aliyekula kisamvu na mbaazi tangu Juni anavuta kiti, anamwita mhudumu kwa sauti ya mwenye nacho: "Kilo moja, mbavu tupu!" Dakika 20 hazijapita sinia limefika, kachumbari pembeni, ndimu imekatwa, pilipili inatisha. Hapo ndipo mateso yanapoanza. Anang'ata, anavuta, anageuza upande wa pili, anang'ata tena. Jino linalegea, nyama hailegei. Mwisho anaomba vijiti vya meno na kutangaza kwamba nguruwe alikuwa mzee.

Nguruwe anasingiziwa. Kosa ni la saa.

Steki ya mgongo ina haki ya kukaangwa haraka, maana ni nyama laini isiyo na kazi nyingi mwilini. Mbavu ni kiumbe kingine. Zimefumwa kwa ukano, utando na mafuta yaliyopishana na nyama, kwa sababu nguruwe hupumua mchana na usiku na mbavu hazina likizo. Ukano huo ukikutana na mafuta yanayochemka hukakamaa. Ili uyeyuke na kuwa rojo unahitaji joto la nyuzi 70 na kuendelea, unyevu, na muda: saa mbili, mbili na nusu. Wauza kitimoto wetu huchanganya mbavu na steki karai moja, moto mmoja, muda mmoja, halafu sisi walaji tunalipia uvumilivu ambao haukutumika.

Ninachoshangaa ni kwamba jibu tunalo majumbani tangu utotoni. Wali ukikaribia kukauka, bibi anafanyaje? Anapunguza moto wa chini, anafunika sufuria, anapanga makaa juu ya mfuniko, anaondoka zake kwenda kusuka ukili. Anapalia. Basi palia mbavu kama unavyopalia wali. Makala yangu yote ni hiyo. Yanayofuata ni maelezo kwa mwenye nafasi.

Tuanzie buchani. Usiombe "nguruwe" kwa sauti kama umetoka ng'ambo. Sema kitimoto, au kama muuzaji ni mtani wako, mdudu, au mbuzi katoliki. Kuhusu hilo jina kitimoto, hadithi inayopendwa zaidi vijiweni ni ya walaji waliokaa kana kwamba kiti kina moto, jicho moja kwenye sahani na jingine mlangoni, wasije wakaonwa na mtu wa nyumbani. Siwezi kuiapia hadithi hiyo, ila vile viti nimeviona.

Nguruwe ana jozi 14 za mbavu, na baadhi ya wale warefu wa kizungu huzidi hapo. Binadamu tuna jozi 12 tu, kwa hiyo kwa hesabu ya mbavu ametushinda. Zile zilizo karibu na uti wa mgongo ni fupi, zimepinda, zina nyama laini na huiva mapema. Zile za upande wa tumbo ni ndefu, bapa, zina mafuta zaidi na ndizo zenye utamu wa kweli, ila ndizo zinazodai subira. Mimi huchukua za tumboni. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito ni mfupa, hesabu nusu kilo kwa mtu mzima; kwa shemeji aliyekuja bila taarifa, hesabu robo tatu.

Sasa ombi muhimu: mzuie muuzaji asinyanyue shoka. Akikatakata mbavu kwenye gogo, mfupa hupasuka na kuacha vipande vidogo vinavyochoma ufizi. Mwambie akupe ubavu mzima, ubao mzima wenye mifupa sita au saba. Atakutazama kama mtu anayenunua mlango. Lipa, ondoka. Nyumbani utapitisha kisu kati ya mfupa na mfupa baada ya kuiva, na hakuna kitakachovunjika.

Kabla ya kulipa, tazama mhuri wa mkaguzi wa nyama. Hili nalisema bila utani, mara moja, kisha turudi jikoni. Nyama ya nguruwe inaweza kuwa na vifuko vyeupe, ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, vilivyojificha ndani ya misuli, hata katikati ya mbavu. Hao ni watoto wa minyoo tegu. Ukiwaona usijaribu kuwashinda kwa ndimu wala pilipili, rudisha nyama. Anayekula nyama hiyo mbichi au nusu mbichi hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu yanayotoka chooni ndiyo hatari kubwa zaidi: yakiingia kinywani kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, yanaweza kuishia kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo choo bora na banda la nguruwe lililofungwa ni sehemu ya mapishi, hata kama hakuna mpishi anayeviandika. Na ikitangazwa karantini ya homa ya nguruwe ya Afrika, usinunue nyama ya kificho. Ugonjwa huo, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, hauambukizi watu, lakini humaliza mabanda, na nyama ya magendo ndiyo inayousafirisha kutoka wilaya hadi wilaya.

Haya, tumefika jikoni. Watu wa Newala watafurahi kusikia kwamba mbavu haziogeshwi. Juu kule uwandani mchanga hunywa mvua yote, mito hakuna, na vizazi vya akina mama vimeshuka na kupanda genge kutafuta maji. Ndoo ya maji Newala inaheshimiwa kama mgeni. Kuimwaga juu ya nyama ni hasara mbili, kwani maji yanayoruka husambaza vijidudu mezani kote. Pangusa mbavu kwa kitambaa safi, basi.

Geuza ubavu, upande wa ndani juu. Utaona utando mweupe unaong'aa kama nailoni. Huo hauivi, hautafuniki, na huzuia chumvi isipite. Ingiza ncha ya kijiko chini yake kwenye mfupa wa pembeni, uinue kidogo, uushike kwa kitambaa kikavu (kwa kidole kitupu utateleza mpaka ukasirike) kisha uvute. Siku ya bahati hutoka wote kwa mkupuo mmoja, na utajiona daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mkomaindo. Siku nyingine hukatika vipande vipande. Vumilia tu.

Chumvi: vijiko viwili vya chai, vya kusawazisha, kwa kila kilo. Paka usiku, au asubuhi kwa chakula cha jioni. Ongeza pilipili manga iliyopondwa na kitunguu saumu. Majani ya mpapai, ambayo kila shangazi atakushauri, mimi siyatumii kwenye mbavu. Utomvu wa papai hulainisha nyama ya nje mpaka ikawa kama uji, huku ukano wa ndani umekaa pale pale unakungoja. Kazi ya mbavu ni ya moto mdogo, haina mkato.

Katika suala la viungo dunia imegawanyika, na sioni sababu ya kuipatanisha. Marekani, ambako mbavu zina mashindano na mashabiki, watu wa Memphis hupenda kuzipaka viungo vikavu, wakati wa Kansas City huzimwagia mchuzi mzito wa nyanya uliotiwa sukari. Kampala nyama ya nguruwe hushushwa mezani na muhogo, parachichi na nyanya mbichi, na Waganda hawaombi radhi kwa yeyote. Sisi wa huku tuna kitu ambacho hao wote hawana: mabibo.

Kila Oktoba na Novemba tunaokota korosho na kuyaacha mabibo yaoze chini ya miti, isipokuwa yale yanayokwenda kwenye vyungu vya wapika pombe. Jirani yangu mmoja wa Newala alikuwa akiwakusanyia nguruwe wake. Mabibo yakikaa juani siku mbili huchacha, na nimewahi kumwona nguruwe wake mkubwa akitembea kama mtu aliyetoka kilabuni, akasimama, akaufikiria ukuta, akaulalia. Nyama yake ilikuja kuwa nzuri sana. Alikuwa amejikolezea mwenyewe.

Chukua mabibo 15 yaliyoiva, mekundu au ya njano, yasiyopondeka. Yakamue kwa mikono, vaa nguo ya zamani kwani doa la bibo ni la milele. Utapata nusu lita ya maji na zaidi kidogo, matamu lakini makali, yanayokausha ulimi na kukwaruza koo. Ukali huo una dawa ndogo: mimina kikombe cha maji mazito ya mchele uliochemshwa, yakiwa yamepoa, koroga, acha nusu saa. Wanga wa mchele hukamata ule ukakasi na kuzama nao chini. Mwaga taratibu maji ya juu kwenye sufuria ndogo, acha mashapo. Tia tangawizi iliyotwangwa, saumu, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka, kijiko cha sukari, chumvi kidogo, uchemshe mpaka yawe mazito kama asali inayokataa kutoka chupani. Nje ya msimu, ukwaju na asali vinatosha, ingawa utakuwa unakula mbavu za mahali popote.

Hapa lazima nikiri aibu yangu, kwa kuwa inahusu korosho na huenda ikakuokoa. Mwaka wangu wa kwanza Newala, mkaa uliniishia katikati ya mapishi, mvua inanyesha. Pembeni ya jiko la mama mwenye nyumba kulikuwa na rundo la maganda ya korosho zilizobanguliwa. Mimi mzaliwa wa Masasi, niliyekulia kwenye moshi wa kukaanga korosho, nikajidanganya kwamba maganda yakishakaangwa ukali umekwisha. Nikatupia viganja vitatu. Moto ulilipuka vizuri sana, nikajipongeza. Kisha ukaja moshi mweusi, mzito, unaoshika ukuta. Macho yakawaka, kuku wakahama, na mbavu zikavaa ladha ya lami. Mzee wa nyumba ya pili, Mwislamu mwenye msimamo ambaye kwa miezi sita alikuwa amejifanya hajui ninapika nini, alitokea kibarazani ameziba pua kwa kofia.

"Njomba," akaniuliza, "unapika au unafukiza mapepo?"

"Shikamoo, mzee. Napika."

"Marahaba. Basi hicho unachokipika kimeshakataa."

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na kukaangwa hakuyamalizi. Usitumie maganda hayo kuchomea kitu chochote kitakachoingia mdomoni. Kuni kavu za mwembe ni nzuri. Matawi ya mkorosho yaliyopogolewa na kukauka msimu mzima yanafaa kwa kutengenezea makaa, lakini yasubiri mpaka moshi wote uishe na makaa yawe mekundu yenye majivu meupe, ndipo nyama iletwe.

Tupalie sasa. Tafuta sufuria nzito yenye mfuniko bapa unaobana. Pitisha jani la mgomba juu ya moto lilegee, ulitandike ndani ya sufuria, na chini yake upange vipande vya uti wa hilo hilo jani ili nyama isigusane na chuma. Wazungu hutumia karatasi ya bati. Jani lina harufu nzuri zaidi na linaota uani. Mimina nusu kikombe cha maji, si zaidi. Hatuchemshi, tunataka mvuke. Kunja ubavu au uukate mara mbili utoshe, upande wa nyama juu, funika kwa jani jingine, weka mfuniko.

Jikoni acha makaa machache, viganja viwili hivi. Juu ya mfuniko weka mara mbili ya hayo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa mkono wetu umezoea moto wa chini. Moto mwingi wa chini huunguza jani na kuacha juu kumepoa. Moto wa juu hushuka taratibu na kuzunguka. Sikiliza. Sufuria inatakiwa kunong'ona. Ikipiga kelele, punguza. Kila dakika 30 au 40 ongeza makaa mapya juu, na usifunue kuchungulia. Kila ukifunua umerudisha mapishi nyuma. Baada ya saa moja na nusu unaruhusiwa kufunua mara moja, ukague kama maji yapo, ugeuze, ufunike tena. Ukianza saa nane mchana, saa kumi na nusu utakuwa unakaribia.

Kwa wa Newala nina neno la ziada kuhusu upepo. Anayetaka kuujua asimame Shimo la Mungu jioni, pale uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likaonekana chini hadi upande wa Msumbiji. Kofia yake ataiokota kesho. Upepo huo huo ukilipata jiko lako, makaa yaliyopaswa kudumu saa moja huisha nusu saa, na upande mmoja wa sufuria huungua wakati mwingine umelala. Weka jiko nyuma ya ukuta, au lizungushie matofali matatu. Masasi, bondeni kati ya vile vilima vya mawe, moto hutulia zaidi, lakini joto la Novemba litakufanya mpishi uive kabla ya nyama.

Utajuaje zimeiva? Achana na saa, tazama mfupa. Nyama ikirudi nyuma na ncha ya mfupa ikachungulia kiasi cha ukucha mmoja na nusu, shika mfupa wa katikati kwa koleo uusokote kidogo. Ukizunguka, tayari. Ukibisha, funika, nenda kapige soga nusu saa nyingine. Zikipita kiasi nyama hudondoka yenyewe kutoka mfupani. Wako wanaosifu hilo, mimi naona ni mchuzi uliokosa adabu. Ubavu mzuri hung'atwa, ukaachia.

Mwisho ni dakika kumi za tamasha. Panga makaa ya jikoni vizuri, weka wavu, hamishia mbavu hapo. Zipake ule mchuzi wa mabibo kwa brashi au kwa shina la kitunguu cha majani lililochanwachanwa, geuza, paka tena. Usiupake mapema hata kama mkono unawasha. Sukari huungua upesi kuliko nyama, na utapata weusi mchungu badala ya wekundu unaong'aa. Ziondoe, ziache zipumzike dakika tano, kisha pitisha kisu kati ya mifupa. Mafuta yaliyobaki chini ya sufuria yachuje, yakaangie muhogo kesho yake asubuhi.

Cha kulia nacho hakinipi shida. Ugali wa muhogo, au ndizi za kukaanga, au ming'oko, ile mizizi ya porini, kama imepatikana sokoni, iliyochemshwa na kumenywa, ikachovywa kwenye chumvi na pilipili. Kachumbari iwe na ndimu nyingi. Wali uachie siku nyingine, umeshatuazima ufundi wake, yatosha.

Limebaki la majirani, nalo kwangu ni la mapishi kama chumvi. Masasi na Newala Mwislamu na Mkristo wamepanga ukuta mmoja, wameoleana, wamezikana. Usiazime sufuria, kisu wala kinu cha mtu asiyekula, hata akiwa hayupo, hata ukipanga kukisugua kwa majivu mara saba. Nunua sufuria ya kazi hiyo, ifunge uzi mwekundu kwenye mkono, ikae mahali pake. Angalia upepo unaelekea wapi kabla ya kuwasha, na mwezi wa Ramadhani fikiria mara mbili hata kama upepo uko upande wako. Ukialika watu mchanganyiko, tafuta kuku, mchinjishe Mwislamu, mpikie kwenye chombo kingine na jiko jingine, na mgeni ajue kipi ni kipi kabla hajauliza. Wale wanaoona ni mzaha mzuri kumlisha mtu nguruwe bila kujua, sina ushauri nao wa mapishi.

Na mifupa. Chimba shimo kabla hujawasha moto, la kufika gotini, uizike yote mara mkishamaliza kula. Mifupa iliyopikwa humchoma mbwa utumbo, hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili niliipata asubuhi iliyofuata baada ya mbavu zangu za kwanza zilizofanikiwa, nilipoitwa na yule mzee, kwa upole mkubwa, niende nikautoe ubavu ambao mbwa wa mtaa alikuwa ameuhifadhi barazani kwake, juu ya mkeka.